Utepe Ndani ya Usukani

Kila alipotoka shule, Atuganile alivua sare, akachukua hotpoti ya chakula na kumpelekea baba yake gereji, pale Mbalizi. Baba alipokuwa akila, yeye alifuta spana kwa kitambaa chenye dizeli na kuzipanga kwa ukubwa. Baba yake, Fundi Andendekisye, alimwekea sheria moja tu mtoto huyo wa darasa la sita: asiingie ndani ya gari la mteja.

Jumanne moja sheria hiyo aliivunja. Baba alikuwa ametoka kutafuta vipuri. Gari la Bi Zehra, mwuza vitambaa wa Mwanjelwa, lilikuwa limeletwa kutengenezwa stelingi, na Baba alikwisha kufungua kiungo kinachounganisha usukani na matairi. Ili usukani usizunguke ovyo, aliupitishia mkanda wa kiti na kuufunga. Atuganile aliufungua mkanda, akakaa kwa dereva. Joyness, rafiki yake wa darasani, akakaa pembeni. Usukani ulikuwa mwepesi kama pia.

“Dereva, punguza mwendo,” alisema Joyness. “Utamaliza kuku wa watu.”

“Kuku wa huku wanajua sheria za barabarani,” akajibu Atuganile, akauzungusha tena na tena upande uleule, mpaka kitu ndani kikalia tak.

Kicheko kikawakauka. Atuganile aliufunga mkanda kama alivyoukuta, wakakubaliana wasimwambie mtu.

Stelingi ilipokamilika na Bi Zehra alipokuja kulichukua gari, Baba aliliwasha. Taa zote za dashibodi zikawaka, kisha zikazima, isipokuwa moja nyekundu, yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya kifua. Baba alieleza kwamba ndiyo taa ya mfuko wa hewa. Mfuko huo hukunjwa ndani ya usukani, na gari likigonga hufumuka ghafla kumkinga dereva uso na kifua. Taa isipozima, huenda siku ya ajali mfuko usifumuke.

Bi Zehra alikuwa na safari ya Iringa mwishoni mwa wiki, kumpeleka baba yake mzee kwenye matibabu ya macho.

“Fundi, mimi nililileta kwa ajili ya stelingi tu,” alisema taratibu. “Taa hii haikuwepo.”

Baba aliomba radhi na kumsihi aliache tena. Bi Zehra alipoondoka, Baba alimwuliza Atuganile kama kuna mtu aliyeligusa gari.

“Hapana, Baba.” Jibu lilitoka haraka, kabla hata ya kulifikiria.

Baba akaunganisha mashine ya kupimia. Ilionyesha kwamba umeme wa mfuko wa dereva umekatika njiani, lakini haikusema umekatikia wapi. Akalala chali kwenye sakafu ya baridi, akakagua nyaya za chini ya kiti, akafungua kila kiungo, akakisafisha na kukirudisha. Taa ikabaki pale pale. Siku iliyofuata alirudia kazi ileile, Atuganile akimshikia tochi. Kila Baba alipoinuka akijishika kiuno, Atuganile aliinamisha tochi, asikutane na macho yake.

Mwishowe Baba alibonyeza honi. Kimya. Akasimama akifikiri, kisha akaeleza kwamba umeme wa honi na wa mfuko hupita kwenye utepe mmoja, uliojiviringisha ndani ya usukani kama futi ya fundi cherehani. Ukizungushwa kupita kiasi, hukatika. Akautazama mkanda wa kiti, uso ukamshuka.

“Basi sikuufunga vizuri,” alisema. “Kosa ni langu.”

Kabla ya kuufungua usukani, Baba alitoa waya za betri. Hapo ilibidi asubiri umeme uliobaki uishe, la sivyo mfuko ungeweza kumfumukia usoni. Mafundi wengine wakati huo hunywa chai. Andendekisye alikuwa na desturi ya kuomba. Alivua kofia, akainamisha kichwa.

“Bwana, nisamehe uzembe wangu. Mama huyu aliniamini, nami nikamharibia gari. Umlinde yeye na baba yake njiani. Amina.”

Kwa kawaida Atuganile alimwitikia. Leo hakuweza. Uso ulimwaka. Baba yake alikuwa akitubu dhambi ya binti yake, tena mbele za Mungu aliyeona yote tangu Jumanne.

“Baba,” alisema akitazama vidole vyake vya miguu, “mkanda uliufunga. Mimi ndiye niliyeufungua.”

Baba hakumgombeza, na hilo lilimwumiza zaidi. Alimtaka aeleze yote, naye akaeleza, hadi ule mlio wa tak. Usukani ulipofunguliwa, utepe ulionekana umekatika. Baba alisema kwamba kama angeambiwa ukweli siku ya kwanza, angeanzia hapo hapo. Alifunga utepe mpya, akarudisha betri na kuliwasha gari. Taa ikawaka kidogo, ikazima. Honi nayo ikalia.

Baba alisema gari atalipeleka mwenyewe, lakini maneno atayabeba Atuganile.

Dukani Mwanjelwa, mbele ya wateja wawili, Atuganile alimwamkia Bi Zehra, akasema kosa lake lote. Machozi yalimtoka, lakini hakuishia njiani. Bi Zehra aliweka mkasi chini.

“Binti, mimi nimekwisha kuwaambia majirani wa mtaa huu kwamba baba yako ni fundi mzembe,” alisema. “Nimemsema vibaya mtu asiye na hatia. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa lawama yako. Gari limepona kwa utepe mmoja. Jina la baba yako itabidi tulitengeneze duka kwa duka. Twende.”

Alimshika mkono, wakatoka. Kwenye duka la kwanza mwenye duka aliacha kupima mchele, akawatazama. Atuganile akajifuta macho, akaamkia, akaanza kusema.