Mvumo wa Sukani Mbili

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu na mumewe. Mimi nilikuwepo tu, na kuwepo kwangu hakukusaidia kitu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya sare za shule na kunichapa nilipostahili, na nilistahili mara nyingi. Alipoolewa nikahamia naye, nikapewa chumba cha nyuma pamoja na cherehani yangu. Shemeji alikuwa fundi wa mashua, na banda lake lilikuwa kati ya jiko letu na maji. Watu walimwita Fundi Meno. Kuna siku mzee wa watu alikuja ameshika shavu, akitaka kung'olewa gego, ikabidi aelezwe taratibu.

Jina lilitokana na kazi. Chombo kikiwa na mlio ambao haujulikani unatoka wapi, shemeji aliuma kijiti ncha moja, ncha ya pili akaigusisha kwenye ubao. Mtetemo ulimwingia hadi kwenye fuvu. "Sikio lina umbea," alipenda kusema. "Jino halisemi uongo."

Asubuhi moja mama mmoja muuza miwani alileta mashua pacha, yaani mashua mbili nyembamba zilizounganishwa kwa sitaha moja. Kila upande ulikuwa na usukani wake nyuma, na sukani hizo mbili zilifungwa kwenye mti mmoja ili zigeuke pamoja. Shida yake ilionekana ndogo. Upepo ukikolea, sukani zilivuma.

"Zinavumaje?" shemeji aliuliza.

Yule mama alisita. "Kama mtu anayeanza kusema neno, halafu halimalizi."

Mimi nilicheka. Shemeji hakucheka, lakini hakuogopa pia, maana mivumo ya namna hiyo alishatibu mingi. Nilipompelekea chai alinieleza kwamba ukingo wa nyuma wa usukani ukiwa butu, maji yanayoupita hujikoroga, ubao hutetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Dawa ni tupa na msasa: unaulaza ukingo upande mmoja, umemaliza. Akakaza bawaba, akausugua usukani wa kushoto, akatoka kuujaribu. Wa kushoto ukanyamaza. Wa kulia ukaanza, kwa sauti ileile. Akausugua wa kulia, na wa kushoto ukarudi.

"Zinapokezana," alisema wakati wa chakula. Alikuwa ameudhika, kama mtu anayetaniwa na asiyemzoea.

Kesho yake alitoka na kijiti. Mimi na dada tulikuwa tunaanika nguo na tulimwona vizuri, kwani hakwenda mbali. Aliifunga kamba ya tanga, akalala kifudifudi nyuma ya mashua, akauma, akasikiliza. Alikaa vile muda mrefu mno. Kisha akatoa kijiti mdomoni, tukamsikia akiitika kwa adabu, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

"Naam."

Mvumo ukakatika palepale. Alirudi, akazing'oa sukani zote mbili, akazitundika ukutani bandani. Dada akamuuliza kama zimepona. Aliitikia kwa kichwa, na tangu hapo hakusema tena.

Mwanzoni tulidhani amenuna. Kisha dada akanivuta jikoni, akaninong'oneza. "Nikilala naye naisikia ile sauti. Imo kwenye taya."

Nilikwenda sebuleni nikajifanya namsalimu. Niliegemea kiti chake, na mgongo wa kiti ulikuwa unatetemeka. Tukampeleka hospitali, wakampiga picha ya kichwa, na daktari akatuambia kwa furaha kwamba mgonjwa wetu ana meno mazuri kuliko vijana. Tukarudi naye kama tulivyokwenda.

"Kuna neno anataka kusema," dada aliniambia. "Nikilijua, nitamjibu, atapona."

"Dada, usijibu kitu."

"Huyu ni mume wangu, mdogo wangu. Nimwache hivihivi?"

Nilimshika mkono. Nilimwomba. Nililia kilio kile alichokuwa akinikataza utotoni. Alinifuta machozi kwa kiganja, akachukua mwiko, akaenda sebuleni. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikaishia hapo.

Alikaa mkabala na mumewe. Akauma mpini. Kichwa cha mwiko akakigusisha shavuni kwa mumewe.

Jua lilikuwa limejaa dirishani. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira.

Dada alitabasamu. Mwiko ukamdondoka.

"Abee," alisema.

Nilimwita. Hakunitazama. Nikamtikisa. Alikuwa na joto, alikuwa anapumua, na mifupa yake ilikuwa inavuma chini ya vidole vyangu. Kisha akageuza shingo, taratibu, kushoto. Shemeji naye akageuza. Kiasi kilekile. Wakarudi katikati. Wakageukia kulia. Pamoja.

Nikatoka mbio barabarani kuita watu. Tuliporudi viti vilikuwa vitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Mashua haikuwepo. Tuliiona mbali, tanga limejaa, ikipinda kati ya miamba kwa ustadi bila kugusa hata mmoja. Jirani mmoja alinishika bega, akasema nisihofu, wale wawili wanajua kuendesha.

Sikuwa na nguvu ya kumwonyesha banda. Sukani zote mbili zilikuwa bado zimetundikwa ukutani.

Boti zilitumwa, zikarudi. Hadi leo wapo wanaosema wameiona, inakwenda kimya kabisa, haina mlio. Watu hunishauri nimwombee dada, nami humwombea. Lakini najua njia moja tu ya kumsikia, na sithubutu kuijaribu, na kila siku nisiyothubutu naona nimemtupa mtu aliyenilea.

Ule mwiko niliuokota sakafuni. Kwenye mpini kuna alama za meno ya dada, madogo, yaliyopangana vizuri. Na kichwa cha mwiko, ambacho kiligusa shavu la shemeji kwa nje tu, nacho kimeumwa.