Mshale Ulioangukia FUTA

Siku ya kwanza Tausi alipomwona Zuber, alichokiona kwanza ni mafuta. Yalikuwa kwenye karatasi alizowekewa mezani, kumi na nne zilizoandikwa kwa mkono, zenye alama za vidole na chembe za chapati. Nyuma ya Zuber, foleni ya watu waliotaka kuchapiwa barua ilitoka nje ya duka hadi kwenye matope ya stendi ya Tukuyu. Ulikuwa mwaka 2002, kila mtu mjini alikuwa na biashara mpya, na kila biashara ilitaka karatasi.

"Kaka, hizi ulifungia chapati?"

"Nilikuwa naandika huku nakula, dada. Samahani."

"Na kunawa huwa unanawa?"

Foleni ikacheka. Zuber naye akacheka, bila kuona aibu. Alikuwa na koti la ngozi, shati jeupe lililonyooka na viatu vilivyong'aa mvuani, na alinukia marashi. Tausi, ushungi wake wa samawati umebanwa kwa pini mbili, alizishika zile karatasi kwa ncha za vidole. Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kikombe chenye ufa hakukinywea, na mstari uliopinda ulimkera kama nywele kwenye mchuzi.

Zuber alikuwa wakala wa tajiri mmoja wa Mbeya aliyeuza kompyuta za kuhariri video za harusi. Programu yake ilikuja na maelezo ya Kiingereza, wapiga video hawakuyaelewa, kwa hiyo Zuber alitakiwa kutoa kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili, chenye michoro ya kila hatua.

"Kompyuta hii haichori," Tausi alimwambia. "Lakini naweza kukuchorea kwa herufi."

"Kwa herufi vipi?"

Akamwonyesha. Vistari vikalala vikawa juu na chini ya kisanduku, vijiti vikasimama pembeni, alama za kujumlisha zikakaa kwenye kona. Ndani akaandika KELELE, na kando yake kisanduku kingine, SAUTI. Chini yake akaweka FUTA na HIFADHI. Mshale mmoja ukateremka kutoka KELELE hadi FUTA, mwingine kutoka SAUTI hadi HIFADHI.

"Siri ni aina ya herufi," alisema. "Hizi zote zina upana mmoja. Ukiweka zile za mapambo, i inakuwa nyembamba, m inakuwa nene, nafasi zinabanana na kila kitu kinahama. Usiziguse."

"Siwezi kugusa kitu chako bila ruhusa."

"Na ukome kunitazama hivyo, watu wanasubiri."

Kazi ya siku tatu ilichukua wiki tano. Zuber alikuja na marekebisho yasiyokuwa na haja, na asipokuja alipiga simu ya dukani.

"Tausi wangu, umekula?"

"Simu ya Mzee Ackson hii, si ya kuulizana kula."

"Basi mwambie mzee namwulizia mchapaji wake kama ameninunia."

"Nimekununia. Jana ulikuja na kucha chafu."

"Leo nimezikata, mpenzi. Nije uzikague?"

Mzee Ackson, mwenye duka, alikohoa kwa makusudi, na Tausi akakata simu huku mashavu yanamwaka. Alimpenda. Lilimshangaza jambo hilo, yeye ambaye wanaume wengi waliomsogelea walimchosha kabla hawajamaliza salamu. Zuber alipoondoka na flopi yenye kitabu kizima, alimwahidi kwamba mwezi ujao shangazi yake angeleta posa.

Mwezi huo ulipofika, aliyekuja ni mama mmoja wa Kisondela aitwaye Atuganile, na majirani watatu. Nyuma yao aliingia Lukasi, mpiga video, kitabu mkononi, kisha Zuber na tajiri wake.

Atuganile hakuketi. "Mama yangu alimwombea mjukuu wake kwenye halusi," alisema. "Wiki mbili baadaye tukamzika mama. Sasa kwenye video midomo yake inacheza, sauti hakuna. Kanda yenyewe huyu mpiga video ameshapigia halusi nyingine juu yake."

"Nilifuata mshale, mama," Lukasi alisema. "Kitabu kimesema sauti iende FUTA."

Tausi alichukua kitabu, akafungua. Herufi zilikuwa za mapambo, zenye mikia kama za kadi za mialiko. Visanduku vilikuwa vimebomoka, vijiti vimelala ovyo, na mshale wa SAUTI ulikuwa umevutwa kushoto hadi ukakaa juu ya FUTA. Alimtazama Zuber, akingoja aseme. Tajiri naye alimtazama Zuber.

"Nani alifanya hivi?" tajiri aliuliza.

Zuber alitazama viatu vyake. "Alichapa dada huyu."

Atuganile akamsonya Tausi usoni, akatoka na watu wake. Mzee Ackson alimpa Tausi hadi Jumamosi aondoke, maana habari ilishafika sokoni na wateja walianza kuvuka barabara. Tausi hakulia. Alijisikia kama mtu aliyetafuna kitu akagundua baadaye kilikuwa na funza, na aliona kinyaa hata kwa mkono wake uliowahi kushikwa na mkono ule.

Simu ikalia kesho yake.

"Tausi, nisikilize. Nilipofika Mbeya nilitaka kipendeze. Nikabadilisha herufi, sikukitazama tena. Tajiri angenifukuza."

"Kwa hiyo ukajifutia kwangu kama tambara."

"Nimekosa, mpenzi. Nitaongea na Mzee Ackson, nitamwambia pembeni."

"Hukunichafua pembeni. Ulinichafua mbele ya watu, na kwa watu walewale ndiko utakakonisafisha. Usiponisafisha, usinitajie posa. Nikiisikia sauti yako natamani kutapika."

Akaweka simu chini. Siku nzima alikuwa akiitazama, akingoja ilie, jambo lililomchukiza zaidi.

Ijumaa asubuhi Zuber alikuja dukani bila koti la ngozi. Alikuwa ameshamwambia tajiri ukweli, na uwakala ulikwisha palepale. Akamweleza Mzee Ackson mbele ya foleni yote, kwa sauti ya kusikika, kisha akamwomba Tausi waende Kisondela. Tausi alienda, akitembea hatua kumi mbele yake kwenye utelezi wa migombani, bila kugeuka nyuma.

Atuganile alikuwa anamenya ndizi. Aliwaita majirani walewale na Lukasi, akawapa wageni vigoda.

"Mama, nilibadilisha mimi," Zuber alisema. "Dada huyu alichora sawasawa na akanionya. Nilimsingizia kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi. Sauti ya marehemu niliipoteza mimi."

Jirani mmoja alitema mate pembeni. Lukasi aliinamisha kichwa. Atuganile alimenya ndizi mbili nzima, akaziweka kwenye maji, akapangusa kisu.

"Sauti ya mama yangu hailudi kwa sababu umesema," alimwambia Zuber. "Lakini umesema." Kisha akamgeukia Tausi. "Mwanangu, nilikusonya bule. Unisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

"Huyu naye alishanitumia mjumbe kunieleza kuwa anataka kukuoa." Alimtazama Zuber kuanzia viatu vyenye tope hadi kichwani, mdomo umepinda. "Mtu wa hivi, aliyekuuza mchana kweupe. Wewe unamtaka?"

Tausi alimtazama naye: kucha zilizojaa udongo, shati lililolowa jasho, macho mekundu. Kinyaa kilimpanda hadi kooni, na nyuma yake kikapanda kile kingine, kilekile cha wiki tano.

"Namtaka, mama," alisema. "Hicho ndicho kinachonichefua."