Kona ya Besi Safi

Kilichomshtua Shakira kwanza ni vikombe kutotikisika.

Nyumba yao ya Biryogo ilikuwa ya mabati, na kabati la vyombo lilikuwa limelegea miguu tangu enzi za marehemu bibi yake Usumani. Pikipiki ikipita tu kichochoroni, vikombe vilianza kugongana. Sasa mumewe ameweka sabufa mpya, filamu inanguruma, besi inaingia mwilini hadi kwenye mizizi ya meno, na kabatini kimya.

"Unasikia?" Usumani akauliza, uso umemkunjuka kama bwana harusi. "Besi safi. Haina makelele hata kidogo."

Shakira alikuwa ameshinda kwenye cherehani, mimba ya miezi minane magotini, miguu imevimba. "Nasikia, sha. Zima nilale."

Hakuzima. Fundi wa redio akipata chombo chake mwenyewe, hata mke atasubiri. Tena alikihangaikia kutwa nzima. Mafundi wana njia yao: unaweka sabufa juu ya kiti unachokalia wewe, unaiwasha, kisha unatambaa sakafuni ukuta kwa ukuta, ukitega sikio mpaka upate mahali ambapo besi inasikika bila kuvuma. Ukipapata, ndipo unapoihamishia. Usumani alitambaa kama mtoto, na mahali pazuri kuliko pote pakawa ile kona ya nyuma ya mlango, ambapo bibi yake, aliyejihesabu mtu wa pwani japo alizaliwa hapa hapa Kigali, hakuruhusu hata ndoo iwekwe. Kila Alhamisi alifukiza ubani pale na kuzungumza na mtu asiyeonekana. Alipokufa, ubani ukakoma. Usumani hakuyaamini mambo hayo, na Shakira alikuwa na uchovu wake wa kutosha. Basi fundi akasukuma chetezo kando, akaingiza sabufa, akaiwekea vipande vya ndala kuukuu chini ya miguu, akapunguza swichi ya nyuma mpaka mlio ukatulia. Hodi hakupiga.

Asubuhi mtoto hakucheza tumboni. Shakira alikunywa chai yenye sukari nyingi, akalala kwa ubavu, akangoja. Hakucheza. Alitembea hadi zahanati akiwa ameshika ukuta wa jirani hadi jirani, na mkunga, mwanamke mpole aitwaye Scovia, akampaka mafuta baridi na kusikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Moyo iko," akasema. "Lakini inaenda polepole, mama. Enda upumzike, jioni urudi nikupime tena. Akikataa kucheza kabisa, usingoje jioni."

Shakira aliogopa sana, na hata hivyo nguvu za kulia hakuwa nazo. Alijilaza mkekani sebuleni. Usumani, asijue amfariji vipi, akawasha muziki wa taratibu, na besi ya kwanza ilipogonga, mtoto akageuka.

"Amecheza!" Shakira akashika tumbo. Kisha akaanza kuhesabu. Besi iligonga, mtoto akagonga. Besi ikatua, mtoto akatua.

"Zima," akanong'ona.

Akazima. Mtoto akawa kimya.

"Washa."

Akawasha. Mtoto akagonga.

"Chomoa waya, Usumani. Chomoa kabisa."

Akachomoa, akabaki na waya mkononi, na hapo ndipo harufu ya ubani ilipoanza kupanda ndani ya nyumba ambayo haikuwa na hata kaa moja la moto, harufu nzito ya ubani wa marehemu, ikitoka si konani wala mlangoni bali kwenye kanga ya Shakira, kwenye jasho la shingo yake, kwenye pumzi yake mwenyewe kila alipoitoa, na tumbo likaendelea kugonga polepole, kwa mpango, ilhali sabufa imekufa na waya umening'inia.

Usumani alikimbia pekupeku kumwita Mukabalisa, shoga wa marehemu, auzaye sambusa msikitini. Bibi huyo alikuja na unga mikononi, akilalamika kwamba mafuta yake yanaungua, lakini alipoinusa nyumba akaacha kulalamika.

"Mbega!" akamaka kwa Kinyarwanda. "Mumeweka nini hapa?"

"Sabufa, bibi," Usumani akajibu kwa sauti ndogo.

"Hii kona iko na mwenyewe. Mumemutoa bila hata salamu. Sasa ye ametafuta pengine penye giza na joto." Aliangalia tumbo la Shakira, akaangalia pembeni haraka. "Toa hiyo kitu inje. Leta makaa."

Usumani akaitoa sabufa uani. Mukabalisa akaosha kona kwa maji ya marashi, akawasha chetezo, akasoma alichosoma. Kisha akamsogezea Shakira kigoda.

"Lazima wewe. Mwanamke wa nyumba ndiye anakaribisha. Usimutukane, usilie. Muambie kona yake iko, arudi. Ni mtu wa adabu, atakuitikia."

Shakira alikaa mbele ya moshi. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, mwanawe aachiwe. Hata chuki hakuwa nayo tena.

"Tumekukosea," akasema. "Mimi nimechoka, na wewe pengine umechoka. Kona yako hii hapa. Kila Alhamisi nitafukiza mwenyewe, mpaka nife. Niachie mtoto wangu. Karibu kwako. Karibu."

Moshi ukapanda wima. Walingoja wote watatu, Usumani mlangoni, bibi amefumba macho, na Shakira akiitazama ile kona tupu, akiomba kwa moyo wake wote isikike hata pumzi kutoka pale.

Jibu alilihisi kabla ya kulisikia, chini ya mbavu, sauti nene, tulivu, isiyo na makelele hata kidogo.

"Starehe," ilisema, kwa adabu zote. "Hapa nilipo panatosha."