Sisimizi Nyuma ya Nyumba ya Fundi Sabiri

Jua lilikuwa bado halijachomoza. Maua alifungua mlango wa nyuma ili akoke moto. Akamkuta mwanaume asiyemjua amesimama kando ya mpapai.

Mwanaume huyo alikuwa ameegemea fimbo. Begani alining'iniza dumu kwa kamba. Hakugeuka. Alikuwa akitazama ardhi.

"Wewe ni nani?" Maua aliuliza.

"Usiogope, mama. Naitwa Benjamini, natoka Goweko. Nauza asali." Bado hakugeuka. "Katika nyumba hii kuna mtu mwenye kiu isiyokatika. Ni nani?"

Maua hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ile.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho upande huo wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora. Nyuma yake kulipita kipande cha njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara. Watu walisema wengine walifia njiani humo kwa kiu. Marehemu bibi yake Maua alikuwa akimwaga kata ya maji pale kila jioni. "Nawapa wanywe," alisema, "wasije wakaingia ndani kuomba." Bibi alipofariki, hakuna aliyemwaga tena.

Sasa ilikuwa miezi mitatu mumewe, Sabiri, fundi seremala, anakunywa maji bila kutosheka. Alimaliza mtungi mzima kabla ya adhuhuri. Usiku aliamka mara nne kwenda haja ndogo. Choo kilikuwa mbali, kwa hiyo alijisaidia hapo hapo kwenye mpapai. Alikula sana, lakini alikonda. Suruali alifunga kwa kamba. Maua alipomtazama akinywa, amefumba macho, aliwaza jambo ambalo hakuthubutu kulitamka: anayekunywa si Sabiri.

"Umejuaje?" aliuliza.

Benjamini alinyoosha fimbo. Maua akaona mstari mweusi mwembamba. Ulitoka kwenye njia ya zamani, ukapita chini ya ua, ukaishia kwenye mpapai. Ulikuwa unatembea. Walikuwa sisimizi, maelfu.

"Mfuga nyuki akiona sisimizi lazima awafuate," alisema Benjamini. "Huingia mizingani. Nikawafuata hawa, nikafika hapa. Hapa hakuna asali. Kuna mkojo."

Sabiri akatokea mlangoni, kopo la maji mkononi. "Shikamoo mzee. Asubuhi yote hii unakagua choo changu?"

"Marahaba. Mimi nilianza hivi hivi. Kiu, kukonda, sisimizi. Ni ugonjwa wa kisukari. Nenda ukapime."

"Basi nipimie asali lita moja. Kama sukari ya dukani ndiyo mbaya, nitatumia asali. Asali ni dawa."

"Wewe sikuuzii."

"Mfanyabiashara gani huyu anayefukuza mteja?" Sabiri alicheka.

Benjamini hakucheka. Alipandisha suruali upande wa kulia. Chini ya goti kulikuwa na mguu wa bandia.

"Kilikuwa kidonda kidogo kama punje ya mtama. Hakikuniuma. Kila siku nikasema nitakwenda kesho. Nilisema kesho kwa wiki tatu." Akashusha suruali. "Niahidi kitu kimoja, bwana. Siku utakayoona kidonda mguuni, nenda siku hiyo hiyo. Usiseme kesho."

"Nakuahidi," alijibu Sabiri haraka. Alitaka mgeni aondoke.

Benjamini alishika njia ya zamani, akichechemea. Maua alimtazama mpaka ukungu ukamficha.

Sabiri hakwenda kupima. Alinunua asali sokoni. Akaweka vijiko vitatu kwenye chai na vinne kwenye uji. "Hiki ni chakula cha asili," alimwambia mkewe. "Hakina kosa."

Kiu ilizidi. Sisimizi nao walizidi. Mstari mmoja ukawa miwili.

Jioni moja Sabiri alikuwa akirudi kutoka msikitini kwa njia ya zamani. Giza lilikuwa linaingia. Nyuma yake akasikia sauti. *Shhh. Shhh.* Kama mtu anayeburuta mzigo mzito mchangani.

Alisimama. Sauti ikanyamaza.

Alitembea. *Shhh. Shhh.*

"Nani?" aliuliza. Hakuna aliyejibu. Hakuthubutu kugeuka. Aliharakisha, na sauti nayo ikaharakisha. Alifika nyumbani anahema, akabamiza mlango.

"Kuna mtu ananifuata!"

Maua alikuwa anatazama sakafu. "Baba," alisema polepole, "kandambili yako ya kushoto iko wapi?"

Sabiri alitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Mwiba mrefu ulikuwa umezama kwenye unyayo, na damu ilichora alama kutoka mlangoni. Hakuwa amehisi chochote. Hata sasa, akiutazama mwiba ule, hakusikia maumivu. Ilikuwa kama mguu wa mtu mwingine.

"Kesho asubuhi tunakwenda kliniki," alisema Maua. "Na usinibishie."

Kesho yake asubuhi walifika kliniki kabla Sabiri hajala. Muuguzi aliitwa Asnath. Alisafisha jeraha. Kisha alimtoboa Sabiri kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo.

"Ishirini na moja," alisema. "Kwa mtu ambaye hajala, haitakiwi kufika saba. Tutarudia kipimo, baba, lakini hiki ni kisukari."

Maua alijikaza, akasema yote: njia ya zamani, wapagazi, kiu. Asnath hakumcheka.

"Mama, hata mimi ningeogopa. Lakini sikiliza. Sukari ikizidi kwenye damu, mwili unaitoa kwa mkojo. Inatoka na maji mengi. Ndiyo maana ana kiu, na sisimizi wanafuata ile sukari. Ila msiwategemee sisimizi. Wapo wagonjwa wengi wasiofuatwa na hata mmoja. Kipimo ndicho kinachosema kweli."

"Na aliyenifuata?" aliuliza Sabiri.

"Alifuata upande gani?"

Sabiri alifikiri. "Kushoto."

"Sukari ya muda mrefu imeharibu mishipa ya fahamu ya mguu. Husikii ardhi, kwa hiyo unauburuta. Baba, ulikuwa unaukimbia mguu wako mwenyewe."

Jambo hilo lilimtisha Sabiri kuliko mzimu.

"Lakini nimeacha sukari," alisema baadaye. "Natumia asali tu."

"Asali ni nzuri, na ya Tabora inasifika. Lakini damu yako haiulizi kama utamu umetoka kiwandani au mzingani. Yote ni sukari. Kitu kuwa cha asili hakumaanishi ukile bila kipimo. Sasa niambie, sahani yako huwa na nini?"

"Ugali wa sembe," alijibu Maua kwa niaba yake. "Mlima. Mboga anaweka kama pambo. Na soda mbili kwa siku."

"Umenichongea," alinung'unika Sabiri.

Asnath alichora duara kwenye karatasi. "Nusu ya sahani iwe mboga: mlenda, matembele, majani ya kunde. Robo iwe maharage, dagaa au samaki. Robo iliyobaki iwe ugali, tena wa dona au mtama."

"Robo? Binti yangu, huo si ugali wa kuku?"

Maua alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Utazoea," alisema Asnath. "Chai bila sukari. Soda basi. Papai kula kipande, usikamue juisi. Punguza chumvi na mafuta. Jeraha likipona, tembea nusu saa kila siku. Vaa viatu vya kufunika, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Mama akague nyayo zako kila jioni. Na dawa hizi unywe kila siku, hata ukijisikia mzima. Chakula kinasaidia dawa. Hakichukui nafasi yake."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Sabiri alikunywa chai isiyo na sukari huku amekunja uso kama mtoto. Maua aliacha sukari pamoja naye, ili asiwe peke yake. Walipanda matembele pale yanapomwagika maji ya kuogea. Waliongeza mtama kwenye unga.

Mguu ulipopona, walianza kutembea asubuhi kwenye njia ile ya zamani. Mwanzoni Maua alimshika mkono kwa hofu. Sauti ya kuburuta ilikuwepo, lakini sasa waliijua. "Nyanyua mguu, wewe mzimu," Maua alimtania.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma sita. Kiu ilikatika. Asubuhi moja Maua alitazama chini ya mpapai. Ardhi ilikuwa tupu.

Wakati huo Sabiri alikuwa anamalizia kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Msikiti wao ulimpa kazi ya kutengeneza mimbari mpya ya mbao za mninga. Alichonga maua, na nyota za kupigilia kwa misumari midogo, kazi ya miezi minne. Ingezinduliwa Ijumaa. Wageni wangetoka mbali. Yeye ndiye angeondoa kitambaa, kisha angeombewa dua. Baba yake alikuwa fundi, na hakuwahi kupata heshima hiyo.

Ijumaa asubuhi, Sabiri alivaa kanzu mpya. Kwa haraka, alivaa viatu bila kuvikung'uta. Akaenda karakana kuipangusa mimbari mara ya mwisho kabla haijapelekwa msikitini, akarudi.

Aliporudi, aliwaona.

Sisimizi. Mstari mwembamba kwenye sakafu ya baraza. Haukwenda kwenye mpapai. Ulikuja kwake. Walikuwa wanapanda kiatu chake cha kushoto.

Alivua kiatu. Soksi ilikuwa imelowa damu. Ndani ya kiatu mlikuwa na msumari mdogo, wa zile nyota za mimbari. Alikuwa ameukanyaga asubuhi yote. Hakusikia kitu.

Maua alikuwa ndani. Hakuna aliyeona. Sabiri alishika soksi mkononi. Nitafunga kitambaa, aliwaza. Nitakwenda baada ya swala. Lakini baada ya swala kuna pilau na wageni. Kliniki itakuwa imefungwa. Itakuwa kesho.

Alikumbuka fimbo ya Benjamini, na suruali ikipandishwa taratibu.

"Maua!" aliita. "Njoo uone mguu."

Maua alikuja, akaona, akaziba mdomo. "Na mimbari?"

"Waambie waondoe kitambaa wenyewe. Nilimwahidi yule mzee."

Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu. Sabiri alikaa kwenye benchi na kanzu yake mpya. Adhana ikasikika kutoka mbali. Baadaye kikasikika kipaza sauti, na sauti ya imamu akianza hotuba, juu ya mbao alizozichonga yeye. Sabiri aliinamisha kichwa. Maua alimshika mkono.

Hatimaye Asnath aliwaita. Aliuweka mguu juu ya kiti, akawasha tochi.

"Kidonda hiki kina siku ngapi, baba?" aliuliza kwa wasiwasi.

"Cha leo," alisema Sabiri.

Asnath alishusha pumzi. Akavaa glavu, akavuta sinia ya dawa.

"Cha leo," alisema, "tunakiweza."