Nakala Iliyotangulia

Jioni hiyo nilimpelekea mume wangu, Nicanor, chakula studioni kwake, sokoni Rangwe. Nilibeba ugali, samaki na hasira. Wiki nzima alikuwa ameshinda na Lynnet.

Si Lynnet mwenyewe, nakubali. Ni picha yake. Lynnet alikuwa mwimbaji wa kwaya, na Nicanor alimpiga video akicheza mbele ya shuka la buluu, kisha akamwingiza kwenye kompyuta. Humo alimnakili mara nyingi, na kila nakala akaichelewesha kidogo. Lynnet akiinua mkono, Lynnet wa nyuma anafuata, na mwingine nyuma yake... Watu walitoka Homa Bay mjini kuja kushangaa. Mwaka wa tisini na nane, nani alikuwa ameona kitu kama hicho? Mimi niliona mume akijiongezea wanawake.

"Mmoja hakutoshi?" nilimwuliza.

"Ni kazi, nyar Lambwe." Aliniita hivyo, yaani binti wa Lambwe, kwa sababu kwetu ni huko.

"Basi nitie na mimi."

Alicheka, lakini alinipiga video. Nilicheza kwa hasira mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Akaninakili, akaniweka nyuma ya Lynnet. Nyuma!

"Nivute mbele yake."

Akasita. "Nakala huwa tunazichelewesha. Nikivuta upande huu, itakutangulia hata wewe mwenyewe."

"Wacha itangulie!"

Akavuta.

Kwenye kioo cha kompyuta, yule mimi akageuka ghafla kutazama mlango. Nilipocheza sikugeuka hata mara moja. Kisha upepo ukabamiza mlango wa studio, nami nikageuka.

Vile vile.

Jenereta ikazimika. Gizani nilisikia harufu ya petroli, na... sabuni yangu ya kuogea. Harufu ilipita karibu nami, ikatoka nje.

Kesho yake nilikwenda sokoni kununua omena, dagaa wa ziwani, kwa muuzaji wangu Zilpah. Akanishangaa. "Si nimekupimia sasa hivi, mama?"

Nyumbani, mtoto wetu Mourine alikuwa ameshaoga. "Umeniogesha wewe," akasema.

Jioni nikabeba chakula mbio hadi studioni. Nicanor alikuwa akilamba vidole. "Umeleta tena? Na leo ulivyokuwa mpole... ulicheka hata!" Akatabasamu alipomkumbuka. Mimi hajanitabasamulia hivyo tangu anioe.

Lynnet alinitoka kichwani kabisa. Sasa nilimwonea wivu huyo mwingine, mwenye uso wangu na asiye na hasira zangu.

"Ifute ile nakala, Baba Mourine. Tafadhali!"

"Nitafuta, nitafuta," akasema, bila kunitazama.

Jua lilipozama siku iliyofuata, nilirudi kuhakikisha amefuta. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikachungulia ufa wa mbao.

Yule mwingine alikuwa ameketi kando ya Nicanor, mkono begani mwake. Gauni langu. Kitambaa changu.

"Umefuta?" alinong'ona kwa sauti yangu.

"Zile zilizochelewa, karibu zote," Nicanor akajibu. "Imebaki moja."

"Ifute na hiyo."

Nikagonga mlango. Nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote...

Nicanor hakusikia kitu. Yule mwingine ndiye aliyegeuka, akaweka kidole mdomoni pake kuniashiria ninyamaze.