Konokono Waliofunga

Kuku wa Adija walikuwa wakitaga mayai laini. Ukiyashika yanabonyea, ukiyatia kapuni yanapasuka. Adija na mumewe Hussen waliishi katika kisiwa kidogo ng'ambo ya Kilwa Masoko, na mayai hayo ndiyo yaliyowapatia sabuni na madaftari ya watoto. Yai lililopasuka halifiki Masoko. Hussen alimtania kwamba kuku wake wanataga kwa haraka, hawamalizi kazi.

Kiangazi kile Adija akapata dawa. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kichaka kinene kilichoota juu ya mawe ya matumbawe. Humo, magamba madogo ya konokono yenye mistari ya kahawia yalikuwa yameganda kwenye mawe, kimya. Aliyaokota, akayatwanga, akayachanganya na pumba. Mayai yakawa magumu. Adija si mchoyo wa maarifa. Aliwaeleza wenzake kisimani, na baada ya muda kila mwanamke alikuwa na kapu lake kichakani.

Ndipo akaja Lusia, bibi shamba, kuchanja kuku dhidi ya mdondo. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Mara Lusia akaona kapu kando ya kinu. Akaokota gamba moja na kuligeuza.

"Dada Adija, haya umeyatoa wapi?"

"Kichakani. Ni matupu tu, wenyewe walishakufa."

Lusia akamwonyesha utando mweupe ulioziba mdomo wa gamba. "Huyu hajafa. Amefunga."

Adija akacheka. "Konokono naye ana Ramadhani?"

"Amefunga mlango, na amefunga kula, mpaka mvua inyeshe."

Akaliweka juu ya jani, akalidondoshea maji, kisha wakaenda kuchanja kuku. Waliporudi, utando ulikuwa umetoboka na pembe ndogo zinachungulia. Adija akakitazama kinu chake. Moyo ulimuuma. Kumbe siku zote alikuwa akitwanga viumbe hai.

Lusia hakumgombeza. Alimweleza kwamba hawa si wale konokono wakubwa wanaomaliza mchicha bustanini. Hawa hula majani yaliyooza na kuyafanya mbolea, ndiyo maana kichaka kimeweza kuota juu ya mawe. Ni wa asili ya kisiwa hicho, na huenda kwingine hawapo. Wakiisha, hakuna wengine watakaovuka bahari kuja kushika nafasi yao. Kwa hiyo wasiokotwe, kichaka kisichomwe moto, na mawe wanamojificha yasing'olewe.

"Na mayai yangu je?" Adija aliuliza.

"Magamba ya chaza mkishatoa nyama mnayatupa wapi?"

"Yamejaa tele pwani."

"Basi hayo. Yaoshe chumvi itoke, yachome, yatwange, uchanganye na pumba kidogo kidogo."

Kesho yake Adija alikwenda kisimani na konokono mwingine aliyemtoa kapuni, bado amefunga. Miguu ilikuwa mizito, maana yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Tawakali, mwenye kapu kubwa kuliko wote, alimkata jicho.

"Juzi ulituambia tuokote, leo tuache. Tushike lipi?"

"Juzi nilikosea," Adija alisema. "Ngojeni muone."

Akamdondoshea konokono maji. Wakateka maji, wakapiga soga, ndoo zikajaa. Tawakali ndiye aliyeziona pembe kwanza. Akasema anakwenda nyumbani kuchukua kapu lake.

Jioni ile waliwarudisha wote waliosalia, wakawapanga kivulini kwenye nyufa za mawe. Adija hakujua kama watapona. Kila alipopita kichakani aliwachungulia, na kila mara walikuwa kimya vilevile. Magamba ya chaza yalifanya kazi yake, mayai yakafika Masoko mazima, lakini wasiwasi haukumtoka. Jua nalo lilizidi kuwa kali. Hussen akamuuliza kama ataanza kuwapelekea na uji.

Hatimaye mvua za vuli zikanyesha usiku kucha. Asubuhi Adija alikuwa akiwasha moto aliposikia mumewe akimwita nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini. Alimkuta amechuchumaa, kanzu yake imelowa. Juu ya mawe na majani mabichi, konokono wenye mistari walikuwa wakitambaa huku na huku.

Hussen alimsogezea nafasi achuchumae naye.

"Tazama, mke wangu," alisema. "Wamefungua."