Yule Mama wa Chumba cha Nyuma

Jumamosi ile jioni, saluni ya pale njia panda haikuwa na pa kuweka mguu. Waliokuja kusukwa wamekaa, waliowasindikiza wamekaa, na waliokuja kutazama tu wamesimama ukutani na mikoba yao kifuani, maana tamthilia mpya ya mazombi ilikuwa inaanza. Ile ya zamani ilipokwisha watu walinuna kama wamefiwa. Sasa wenyewe walioitengeneza wakamchukua msichana mmoja, aliyekuwa akipita pita tu kwenye ile ya kwanza, wakamtungia hadithi yake peke yake. Kila mtu alikuwa na hamu, na ubishi pia alikuwa nao tayari, kabla hata ya kuona chochote.

Muziki ukalia. Msichana akatokea barabarani na begi mgongoni. Picha ikakatika, zikabaki chenga.

Saluni nzima ikageuka kumtazama mwenye saluni, kana kwamba picha ameimeza yeye. Bahati ikawa nje anapita kijana mrefu, ngazi begani, ovaroli ya kijani imepauka magotini, kofia kaigeuza nyuma. Mwenye saluni akamtokea mlangoni na kitana mkononi.

"Wewe kijana, hiyo ngazi ni pambo?"

"Ni ya kazi, mama."

"Basi panda."

Kazi ya kutega dishi haifanywi na mtu mmoja. Fundi yuko juu ya paa anageuza kidogo kidogo, haoni kitu, na lazima ndani awepo mtu wa kumwambia. Siku hiyo kazi ilimwangukia msusi aliyekuwa karibu na dirisha, ambaye wateja walimwita Vidole kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa myepesi. Alivaa gauni la njano lenye vifungo vidogo vyeupe mpaka kiunoni, na nywele kazifunga juu kwa kitambaa.

"Imekuja?" ikauliza sauti ya juu.

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Imekuja. Imeondoka tena. Umefanya nini?"

"Nimepiga chafya."

Saluni ikaangua kicheko, na Vidole, ambaye hakuwa mtu wa kucheka na wageni, akajikuta anacheka na paa. Picha ilipotulia, fundi akashuka, akachungulia dirishani amwone mwenye sauti. Alisema alidhani ni mtu mkali. Vidole akamjibu kuwa ni mkali kweli. Fundi akasema basi itabidi arudi Jumamosi ijayo kuukagua ule waya, maana nyaya za kwenye nyumba za watu wakali huharibika upesi.

Waya haukuwa na ugonjwa wowote, lakini kila Jumamosi alikuja kuutibu. Wanawake wa saluni wakampa jina la Dishi, wakamtengea kigoda karibu na mlango, wakawa wanamchokoza kuwa huo waya sasa umepona, amgeukie mgonjwa mwingine.

Baada ya Jumamosi chache zikaanza simu. Jioni jua likishaanza kupoa Dishi alimpigia Vidole na kumweleza alikopita, maana kazi yake ilimpeleka kwenye paa za mtaa mzima, na nyumba zote zilikuwa na neno moja tu, tamthilia. Kwa mwalimu mmoja mstaafu aliambiwa mazombi wa siku hizi hawana bidii, wanatembea kama wanaenda kununua vocha. Nyumba ya pili yake mume na mke walikuwa hawasemeshani, kwa kuwa mume anaona ile ya zamani ilikuwa bora na mke anaona mume wake ndiye wa zamani.

"Na wewe mpenzi, uko upande gani?" Dishi akauliza.

"Mimi nasuka tu. Macho yangu yako kwenye vichwa vya watu."

"Muongo wewe. Wiki iliyopita ulimsuka mteja mstari ukapinda."

"Alitikisika."

"Ulitikisika wewe. Nilikuona."

Vidole alikuwa anacheka, simu kaibana kwa bega. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, na hiyo kazi ndiyo Dishi hakuijua. Alikuwa anampaka mama yake mafuta miguuni.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kusuka, enzi zile ambapo hakukuwa na bibi harusi mtaani asiyepita mikononi mwake. Halafu akaanza kusahau. Alisahau funguo, akasahau njia ya kurudi, mwisho akasahau watu. Sasa alikaa kwenye kiti cha dirishani, msafi, mpole, na kila jioni binti yake akiingia alimkaribisha kwa heshima zote na kumuuliza, "Binti, wewe ni wa nani?" Vidole alikwishazoea kujibu. Mchana alishinda naye mama mdogo, mdogo wake mama, aliyehamia pale na sanduku lake bila kuombwa na mtu.

Kuna mwanamume aliyewahi kumchumbia Vidole. Aliingia nyumba ile siku moja, akaulizwa jina lake, akalitaja, akaulizwa tena, akalitaja, mpaka chai ikapoa mbele yake. Aliaga vizuri sana. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Ndiyo maana Vidole akajiwekea mpaka kwenye duka la kona. Dishi alimsindikiza mpaka hapo, asivuke. Dishi akadhani mwenzake ana baba mkali.

Tamthilia nayo ikawa inaenda. Yule msichana wa begi alifika kwao, akamkuta mama yake ameshageuka zombi. Badala ya kummaliza kama walivyofanya wote katika ile ya zamani, akamweka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akawa anamwosha uso kwa kitambaa kupitia dirishani. Watazamaji wakapasuka pande mbili. Wako waliosema huyu msichana atawaponza wenzake. Wako waliolia. Mwenye saluni alikuwa upande wa kwanza, tena kwa sauti.

"Sehemu nzima zombi mmoja," alilalamika, "na huyo mmoja kafungiwa. Sisi tumekuja kutazama nini, mtu anaoshwa uso?"

Wakabishana mpaka mtu mmoja akasema aulizwe Dishi, maana yeye anapita nyumba nyingi. Dishi alikuwa kwenye kigoda chake, soda mkononi, macho yote yamemgeukia, na mwanamume akitazamwa na saluni nzima akili humtoka kidogo.

"Huyo si mama tena," akasema. "Huyo ni mzigo. Na akiendelea kumweka pale ndani, hakuna mwanamume atakayegonga mlango ule."

Wakacheka wote. Mwenye saluni akampigia makofi. Kwenye kiti cha mwisho mteja mmoja akashika kichwa na kusema, "Vidole, dada, unaning'oa."

Vidole akalegeza uzi, akaomba radhi, akaendelea kusuka mpaka mstari wa mwisho bila kuinua uso. Jioni hiyo hakusindikizwa. Alisema ana haraka.

Simu ikalia kesho yake, na keshokutwa, hakupokea. Ilipozidi akapokea mara moja. Dishi akauliza amekosa nini. Vidole akasema hajakosa kitu, kila mtu ana maoni yake kwenye tamthilia.

"Tamthilia?" Dishi akashangaa. "Mpenzi, umekasirika kwa ajili ya zombi?"

"Usiku mwema," akasema, na hata jua lilikuwa halijazama.

Kwa Dishi mambo yakawa magumu. Akapeleka ujumbe kwamba amebadili upande, kwamba huyo zombi ni mama mzuri kuliko wote, kwamba yuko tayari kumnunulia sabuni ya kuoshea uso. Kila alivyotania, ndivyo alivyozidi kujifukia. Vidole aliusoma ujumbe ule akiwa jikoni, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Mama mdogo alikuwa anamenya viazi. Aliuliza kuna nini, akajibiwa hakuna. Akaendelea kumenya. Alikuwa mtu wa kungoja, na viazi vilikuwa vingi. Kabla havijaisha Vidole alikuwa amekwisha kusema yote, ngazi, chafya, kigoda, mpaka lile neno la mlango. Mama mdogo hakumpa pole. Aliuliza tu kama huyo kijana anajua kuwa mlango wenyewe upo.

"Hajui."

"Basi kamsema nani?"

Vidole akaenda kumfunika mama yake shuka.

Wiki ikakatika. Siku moja saluni ilikosa maji, mwenye saluni akafunga mapema, na Vidole akarudi nyumbani mchana. Alipopita duka la kona aliiona ngazi. Ilikuwa imeegemezwa ukutani kwao, na kitambaa chekundu kimefungwa nchani kama Dishi alivyozoea kukifunga ili watu wasigonge vichwa. Akasogea mpaka chini ya dirisha, asiingie.

Ndani televisheni ilikuwa inarudia ile sehemu ya kuosha uso. Akasikia sauti ya mama yake.

"Yule mama ana njaa tu. Mbona hawampi chai?"

"Nadhani wanaogopa atawang'ata, mama," ikajibu sauti ya Dishi.

"Hang'ati yule. Mtoto wake mwema, tazama anavyomfuta. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi fundi, mama. Nimekuja kutengeneza picha."

"Aa. Karibu sana fundi. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

Kikombe kikagonga kisahani.

"Wewe kijana, ni mtoto wa nani?"

"Mimi fundi, mama. Nimekuja kutengeneza picha."

Alilijibu kama swali jipya, wala sauti haikushuka. Na kwa jinsi kikombe kilivyogongana na kisahani, Vidole alijua hicho si kikombe cha kwanza. Dishi alikuwa amenywa chai kila alipokaribishwa.

Mama mdogo akatoka uani na beseni la nguo, akamkuta mpwa wake amejibanza dirishani kama mdokozi. Akamwambia, pasipo kunong'ona, kwamba aliukata waya wa dishi yeye mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kisha akaenda kwenye kibanda cha mafundi na kumwambia yule kijana neno lote: mlango uliosema hautagongwa ni wetu, mama yupo, picha haipo, uje au usije. Akapita na beseni lake kwenda kuanika.

Dishi akatokea mlangoni. Kofia ilikuwa mkononi.

"Ulisema hakuna mwanamume atakayegonga," Vidole akasema.

"Nimegonga."

"Uliitwa."

"Niliambiwa nije au nisije. Nimekuja, nikagonga. Mama mdogo shahidi." Akazungusha kofia vidoleni. "Nilitaka watu wacheke. Sikujua nakusema wewe. Ungenipitisha lile duka nisingesema."

"Ungeondoka."

"Ungenijaribu kwanza."

Vidole akatazama kitambaa cha ngazi. Alisema leo ni siku moja. Kesho mama atamuuliza tena, na mwakani, na hatamkumbuka hata akimletea dunia. Wengine walichoka chai ilipopoa tu.

"Mpenzi," Dishi akasema taratibu, "mimi kazi yangu ni kukaa juani nauliza imekuja, naambiwa bado. Nageuza kidogo, nauliza, bado. Mtu mzima, kutwa nzima. Umewahi kusikia nimeshuka kwa sababu ya bado?"

Vidole akataka kucheka, akalia. Akamfuta tone la chai kwenye kola ya ovaroli kwa ncha ya mtandio wake, akamwambia apande basi aumalize huo waya, picha bado ina chenga.

Akapanda. Mama alikuwa amesinzia kitini na Vidole hakutaka kupiga kelele za dirishani, kwa hiyo Dishi akampigia simu kutoka juu ya paa. Ikawa mmoja yuko juu ya bati na mwingine chini yake, wananong'onezana kwenye simu kama wako miji miwili.

"Imekuja?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado kidogo. Rudi ulikotoka."

"Nitarudi. Lakini nikishuka nataka nikamwambie mama mdogo kwamba wazee wangu watakuja kupiga hodi Jumapili. Nimwambie?"

Bati likalia, amehamisha mguu. Chini Vidole alishika ukuta. Kwenye kioo cha televisheni yule msichana alikuwa anakikamua maji kile kitambaa, na picha ilikuwa safi, ilikwishatulia muda mrefu.

"Mwambie," akasema.

Tamthilia ilipofikia mwisho wa msimu, yule msichana aliufungua mlango wa chumba cha nyuma, akamfunga mama yake kamba kiunoni, ncha moja akajifunga yeye, wakashika barabara pamoja. Saluni ikachafuka. Mwenye saluni aliapa hatatazama tena, tumevumilia kote huko tuje kutazama watu wanatembea? Jumamosi iliyofuata aliuliza msimu wa pili unaanza lini.

Dishi hakuwepo siku hiyo. Alikuwa kwa mchumba wake, amekaa kwenye mkeka miguuni kwa mama, na Vidole nyuma ya kiti anazisuka mvi za mama yake mistari ile ile aliyofundishwa naye.

"Wewe kijana," mama akauliza, "ni mtoto wa nani?"

"Mimi mkweo, mama. Namuoa binti yako."

Mama akaweka kikombe chini. Uso ukamfunguka wote. Akamgeukia binti aliyekuwa anamsuka, akamshika mkono.

"Umesikia, binti? Kuna harusi. Mbona hawakuniambia?"

"Ndio tunakuambia, mama," Vidole akasema.

Mama akapiga kigelegele chembamba, kizuri, mpaka mama mdogo akachungulia kutoka jikoni. Alikuwa amekipiga jana pia, na juzi, kwa habari hiyo hiyo. Kesho angekipiga tena.